Kiti cha Stoo na Mapafu Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Mzee wa stoo anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake kinabaki! Kina mto, kiko dirishani, na birika la chai liko karibu na mkono. Mimi nimesimama kwenye mashine ya msasa miaka kumi na moja, nakula vumbi la mbao, nyayo zinawaka moto. Kiti kile ni changu. Wengine hawajaambiwa tu.

Asubuhi Bosi alitangaza kwamba Ijumaa anakuja muuguzi na mashine ya kupima mapafu. Kila fundi wa karakana atapuliza. Ambaye vumbi limemdhuru zaidi atahamia stoo. Haki kabisa. Tatizo ni moja: sijawahi kukohoa tangu nianze kazi.

Mpinzani wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa msumeno. Akipanda ngazi za ofisini husimama katikati akijifanya anatazama dari. Nilimuuliza kama anakitaka kiti. Akasema hana haja nacho, ni uzee tu unamsumbua. Ana miaka arobaini na miwili! Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kukohoa. Nakohoa Bosi anapopita. Mara ya tatu aliniuliza kama nimepaliwa na chai. Fundi wa vanishi alinigonga mgongoni kwa nguvu zake zote. Mgongo unauma, mapafu hayajambo.

Jioni nikaenda kwa jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la dawa. Nilimwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema unajaza kifua hewa mpaka juu, kisha unapuliza kwa kishindo na kuendelea mpaka usibaki na kitu. Mashine inaangalia hewa yote uliyotoa, na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Mwenye njia za hewa zilizobana, yake hutoka taratibu.

Basi! Nitapuliza taratibu. Nani kasema elimu haina faida?

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Nimewasha mshumaa mezani, napuliza bila kuuzima. Mke wangu alipita, akautazama mshumaa, akanitazama mimi, akaenda zake. Miaka mingi ya ndoa imemfundisha kutouliza.

Nikaona pia nihesabu pumzi zangu, nijue naanzia wapi. Kumi na sita kwa dakika. Nikarudia. Ishirini na mbili! Nikarudia tena kwa uangalifu zaidi. Ishirini na saba!! Tangu hapo sijui tena kupumua bila kujisimamia. Nisipoivuta hewa mwenyewe, naona haiji. Napiga mihemo mirefu. Vidole vinanichonyota. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mbona huyu kaingia kabla hajamaliza kuchimba?

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Saa nne asubuhi, nikiwa kwenye msasa, hewa ilikatika. Kifua kilibana, kichwa kikawa chepesi, vidole vikajikunja vyenyewe. Nilimfikiria baba. Naye alikuwa seremala. Alikohoa miaka miwili kabla hajatutoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshika bega. Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliogopa sana.

Aliyekuja ni shemeji. Aliacha msumeno akakimbia, akafika anahema kuliko mimi. Akanikalisha kwenye rundo la mbao, akaniweka mkono tumboni, akaniambia nisihangaike kuvuta, nitoe tu, polepole. Akanihesabia. Kila akifika nne alitua kutafuta pumzi yake mwenyewe. Baada ya dakika kumi nilikuwa mzima. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Saa sita nikakumbuka kwamba Bosi alikuwa mlangoni na alimwona akihema vile. Mjanja yule!

Ijumaa, 7 Juni

Siku yenyewe. Muuguzi ni mwanamke mfupi, mwili mdogo, sauti ya mnadani. Akanibana pua kwa kibanio, akanipa bomba nililishike kwa midomo, akaniambia nipulize kama nataka kuubomoa ukuta.

Nikapuliza taratibu. Akasema nimepoza uji. Mara ya pili nikaongeza kidogo, nisishukiwe. Ya tatu nikasahau nilikuwa nimeongeza kiasi gani. Akanigeuzia kioo cha mashine. Mistari mitatu, kila mmoja na njia yake. Akasema mapafu yanayoumwa hayabahatishi: ukipuliza vizuri mara tatu, mistari inakaribiana, hata kama yote iko chini. Ikitawanyika hivi, mtu hajaelewa au anamchezea. Akaniuliza mimi ni yupi.

Jasho! Moyo ukaanza mbio, pumzi zikafuata, vidole vikachonyota. Nikajua nimekwisha. Yeye wala hakushtuka. Akanitoa kibanio, akaniambia nitoe hewa polepole, akauliza hali hii imeanza lini. Nikamweleza yote kuhusu kuhesabu. Kuhusu mshumaa sikusema.

Akaniambia hofu humfanya mtu apumue kuliko mwili unavyohitaji. Anatoa mno hata ile hewa chafu ambayo mwili unataka kubaki nayo kidogo, ndipo kichwa kinapokuwa chepesi na vidole vinapochonyota. Mtu anaona hewa haimtoshi, kumbe ameizidisha. Lakini mtu asijipimie kwa kukisia, akasema, ndiyo maana ameleta mashine.

Tukangoja nikatulia. Nilipanga kurudia ile ya kwanza, taratibu. Nikajaza kifua. Akaningurumia sikioni: Puliza! Puliza! Usiache, usiache, bado, bado! Jamani, nilipuliza! Nilitoa hewa ya tangu utotoni. Mara tatu alinguruma, mara tatu nikatii. Mistari mitatu ikalaliana kana kwamba ni mmoja.

Mapafu bora kuliko yote karakanani. Akanipa mkono wa pongezi.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya rundo la mbao. Nilimfikiria baba. Machozi yalinitoka kidogo, na hayakuwa ya kiti. Halafu yakaja ya kiti.

Shemeji alipuliza baada yangu. Mistari mitatu inayofanana, yote chini. Akapewa dawa ya kuvuta, akangoja robo saa, akapuliza tena, ikapanda. Akaandikiwa barua ya kumwona daktari, na amri ya kukaa mbali na vumbi. Alikuwa akificha mwaka mzima, asije akaachishwa kazi. Nilimshika bega. Alisema asante.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji yuko stoo, mzee anamfundisha kazi. Anapumua vizuri, na mke wangu anaimba tangu asubuhi. Mimi Bosi aliniita mbele ya watu wote. Akasema kwa mapafu kama yale, nimepewa kazi ya kumwaga mifuko ya vumbi, nikiwa na barakoa nzito ambayo wengine hawaimudu. Wakanipigia makofi. Shemeji alinipungia mkono kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi.

Sina kinyongo. Nimejifunza. Pumzi si kitu cha kuchezea.

Masikio ni jambo jingine. Ijumaa muuguzi anarudi kupima usikivu, na Bosi amesema ambaye kelele za mashine zimemdhuru atapelekwa kwenye kibanda cha langoni. Nimepita kukitazama. Kiti kina mikono!

Nimeanza mazoezi leo hii. Mke wangu ameniita mara tatu nikiwa hapa mezani, sikugeuka. Mara ya nne akanong'ona jikoni kwamba chakula kiko tayari.

Niliitika kabla hajamaliza. Hapo tu ndipo pa kurekebisha.