Mbwa Aliyeacha Kulamba Sosi

Siku Mama Felicitas Gallego alipoanza kugawa mchele bure, Teryo alijua neema imemshukia. Mama huyu ana duka la mchele katika soko la La Paz, mjini Iloilo, Ufilipino, na kwa miaka ishirini hajampa mtu hata maji ya kunywa bila kuuliza kikombe kitarudi saa ngapi. Lakini sasa alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa, na homa hiyo humfanya mtu mkarimu ghafla, mradi simu iwe inamrekodi.

"Huyu mama," Teryo alimwambia mbwa wake, "ameiva."

Mbwa anaitwa Pandesal, kama ule mkate wa asubuhi, maana rangi yao ni moja. Na katika kampuni hii ya wawili, yeye ndiye mwenye kipaji. Teryo humfunga bendeji tumboni, akaipaka ile sosi nyekundu ya ndizi ya kulia kuku, na Pandesal hulala chini akigeuza macho kama mtu anayesomewa wosia ambao jina lake halimo. Ana kasoro moja tu: hulamba kidonda. Teryo hulazimika kuwaeleza wenye huruma kwamba mbwa anajitibu.

Asubuhi hiyo akamlaza mbele ya duka, akaangua kilio.

"Mama yangu! Trisikeli ya abiria imempitia! Anavuja damu kwa ndani!"

"Kwa ndani? Na hii ya nje je?"

"Hii ni ile iliyokosa nafasi, Mama."

Mama Felicitas alijishika kifua, akahakikisha simu inamchukua upande ule mzuri wa uso. Watu mia tatu walikuwa wanamtazama mtandaoni, moja kwa moja. Teryo akakinga kiganja, kwa heshima zote.

"Pesa mkononi mwako haipendezi kwenye picha, mwanangu," mama akanong'ona. Kisha akapaza sauti: "Ndugu zangu, tunampeleka hospitali ya dharura ya wanyama! Nalipa mimi!"

Kabla Teryo hajapata uongo wa kuzuia ukarimu, walikuwa ndani ya gari, katikati ya magunia. Hakutishika sana. Wakifika mlangoni, Pandesal angepona kwa maombi, mama angepata muujiza wake, na sadaka ya shukrani ingefuata. Akatoa ishara yao ya siri: akamvuta sikio la kushoto mara mbili.

Pandesal hakuinuka.

"Acha kuzidisha," Teryo akamnong'oneza. "Umeshawaliza, inatosha."

Ndipo akaiona ile bendeji. Sosi ilikuwa vilevile, nzima, inang'aa. Njia yote hiyo, mbwa hakuigusa hata kwa ncha ya ulimi.

Hospitalini, dada muuguzi hakuuliza nani amefika lini. Alimfunua Pandesal mdomo: fizi nyeupe kama wali. Akazibonyeza kwa kidole, akangoja rangi irudi. Ilichelewa mno. Akamkwapua mbwa kama mtu anayeipua chungu kinachofurika.

"Dada, mimi ndiye wa kwanza!" akalalamika baba mmoja mwenye paka kikapuni.

"Paka wako bado ana nguvu za kunitukana, baba. Huyu hana. Subiri."

Muda si muda Daktari Villaruz akatoka, mwanamke mfupi asiye na dakika ya kupoteza.

"Mwenye mbwa nani? Naambiwa kagongwa, damu inavujia tumboni. Kama ni kweli, nampasua sasa hivi. Kama si kweli, kisu kitammaliza. Sema."

Upande mmoja wa Teryo ilisimama simu ya Mama Felicitas, na nyuma ya simu, ahadi ya malipo. Upande wa pili, mlango aliopitishwa Pandesal. Teryo alipekua kichwa chake chote kutafuta uongo wa kuokoa vyote viwili. Hakuna.

"Hakugongwa, Daktari."

"Na hii damu?"

"Sosi ya ndizi."

Daktari akanusa kidole chake. "Ya pilipili?"

"Ya kawaida. Ya pilipili ingemuumiza."

"Ana kupe?"

"Anao. Nani hana, kule kwetu?"

"Ametoka damu puani?"

"Jumatatu. Nilidhani anafanya mazoezi."

"Basi kupe wamemwachia ugonjwa, na ugonjwa umemla damu. Nampima, ila damu anaitaka leo hii. Nani ana mbwa mkubwa, mzima, wa kumchangia damu?"

Mama Felicitas alikuwa ameiva uso kama ile sosi. "Tapeli mkubwa! Unanifanya mjinga mbele za watu, mimi ninayegawa mchele, ninayegawa—"

Jicho likaiangukia simu. Watazamaji hawakuwa tena mia tatu. Walikuwa elfu nne, na wote wanalia. Mmoja aliandika: *Mama ana lile jibwa la ghalani, Heneral.* Wa pili: *Heneral aletwe!* Wa tatu aliuliza uchaguzi ni lini.

Mama akalimeza lile tusi kama dawa chungu. "Ninayegawa hata damu," akamalizia.

Heneral akaletwa. Akapimwa uzito, akapimwa damu, akanyolewa kidogo shingoni, na jibwa linalotisha soko zima likalala kimya kama bibi harusi hadi mfuko ukajaa. Mchana, fizi za Pandesal zilianza kupata rangi. Akafumbua macho, akamtazama Teryo bila kuyageuza.

Teryo alilia machozi halali, mageni kabisa kwake. Bado anayafuta, mkono ukamshika bega na kumgeuza kwenye simu.

"Ndugu zangu, kaka yenu Teryo ametubu. Ameniomba mwenyewe, kwa magoti, awaogeshe mbwa wote wa mtaa kwa dawa ya kupe. Kila Jumamosi. Bure. Sivyo, mwanangu?"

Teryo alifungua kinywa kukana. Nyuma ya kioo, damu ya Heneral ilikuwa bado inadondoka, tone kwa tone, ikimwingia Pandesal, na mfuko haujapungua hata nusu.

"Ndivyo, Mama."

Mama Felicitas alishinda kwa kishindo. Sasa kila Jumamosi pale uwanjani kuna bango lenye uso wake, upande ule mzuri, na chini yake Teryo, povu hadi viwikoni, akibembeleza mbwa wasiomjua. Pandesal hulala kivulini, mnene, kastaafu.

"Tabasamu, mwanangu," mwenyekiti humwambia akipita na mpiga picha.

Teryo hutabasamu. Ni utapeli safi kuliko wote aliowahi kushiriki, na faida yote inakwenda kwa mwenyekiti.