Mpango wa Taifa wa Kuokoa Fedha kwa Kupanda Meli

Wizara ya Matumizi Bora iliwatangazia wananchi wote, kwa redio, kwa runinga na kwa gari la vipaza sauti lililozunguka mitaani tangu asubuhi, kwamba ufumbuzi wa upungufu wa fedha za umma umepatikana. Ufumbuzi huo ni kupanda meli ya kitalii. Wananchi waliombwa watulie na wasikimbilie bandarini, kwa kuwa awamu ya kwanza ya kujinyima ingewahusu viongozi peke yao.

Aliyegundua ufumbuzi huo alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Kitengo cha Kubana Matumizi, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la wastani na suti mbili. Ofisini walimwita Chenji, kwa sababu hakuwahi kuondoka dukani kabla ya kurudishiwa hata ile sarafu ndogo ambayo watu wengine hupewa peremende badala yake. Jina hilo hakulichukia. Aliona ni cheo ambacho serikali ilichelewa kumpa.

Ugunduzi wenyewe aliufanyia nyumbani, Jumamosi mchana, akiwa amevaa fulana iliyotoboka kwapani. Mkewe, fundi cherehani mwenye kibanda chake sokoni, alikuwa ameketi mbele yake akitia mpira kiunoni mwa sketi za shule.

"Baba Watoto," mkewe alisema bila kuinua macho, "ile safari ya meli uliyoniahidi tulipooana, meli yake bado inajengwa?"

"Natafuta bei nzuri, Mama Watoto. Mambo haya hayataki pupa."

"Mtoto wetu wa kwanza ameshaoa."

Hilo lilimchoma. Akafungua kompyuta, akaingia kwenye tovuti ya kampuni ya meli, akatafuta safari ya wiki nzima kwa watu wawili, chumba chenye dirisha. Bei ilimtisha. Akataka kufunga haraka kabla mkewe hajachungulia, na katika haraka hiyo kidole chake kinene kikakosea njia, kikagusa mahali pa kuchagua fedha ya kulipia. Ikajichagua fedha ya kisiwa kimoja cha mbali, ambacho jina lake lilijaa herufi zilizosongamana kiasi kwamba lilimshinda kutamka hata alipolikata vipande. Lakini bei! Akapiga hesabu mara ya kwanza, akaifuta, akapiga tena. Ukilipa kwa fedha ya kisiwa kile, nauli ilishuka karibu nusu. Meli ile ile, chumba kile kile, dirisha lile lile.

"Mama Watoto! Nusu bei!"

"Basi lipa."

Mtu mwingine angelipa. Chenji alikuwa mtumishi wa umma. Alijiambia kwamba siri kubwa namna hii haiwezi kuishia kwenye starehe ya mume na mke. Na tusifichane, alikuwa tayari ameshajiona amesimama jukwaani, akivishwa kitu shingoni, watu wakipiga makofi. Jumatatu akaipeleka wizarani.

Waziri alimpokea ofisini kwake, kwenye zulia ambalo Chenji alikuwa amelisikia tu kwa wenzake. Katibu Mkuu alikaa pembeni akifuta miwani.

"Niambie polepole," Waziri alisema. "Mtu mmoja akisafiri kwa fedha hiyo, inakuwaje?"

"Anaokoa nusu ya nauli, Mheshimiwa."

"Wakisafiri wawili?"

"Wanaokoa mara mbili yake."

Waziri akaweka kalamu chini. "Wakisafiri arobaini?"

Hapo Chenji angeweza kusema kwamba mtu asiyesafiri kabisa anaokoa nauli nzima. Neno hilo lilimjia, likafika hadi kwenye meno. Lakini Waziri alikuwa anamtazama kwa upendo, na Chenji hakuwahi kutazamwa kwa upendo na mtu mwenye bendera kwenye gari.

"Arobaini, Mheshimiwa... wanaokoa sana."

Katibu Mkuu akavaa miwani yake. "Kwa maana hiyo, kila siku tunayokaa hapa bila kusafiri, serikali inapata hasara."

"Ndivyo hesabu inavyoonyesha," ilisema sauti moja, na Chenji akashangaa kutambua kwamba ni yake.

Kazi ikaanza kwa kasi isiyo ya kawaida. Iliundwa Kamati ya Uteuzi wa Sarafu, ikaenda kukaa hotelini ili ifikirie kwa utulivu, ikalipwa posho ya kukaa, posho ya kufikiri, na posho ya mazingira magumu kwa sababu bwawa la kuogelea lilikuwa linafanyiwa ukarabati. Mkurugenzi wa Mipango alipoomba abaki, akasema bahari humtia kichefuchefu, alipewa onyo kali kwa kuhujumu akiba ya taifa. Kesho yake akaonekana anafanya mazoezi ya kuogelea.

Kikwazo kidogo kilikuwa kwamba fedha ya kisiwa kile haikupatikana kwenye benki yoyote ya karibu. Ilibidi fedha ya nyumbani ibadilishwe iwe ya nchi moja, ile ibadilishwe iwe ya nchi ya pili, na ya pili ndiyo izae ya kisiwani. Kila ilipopita mlango wa benki ilipungua kama sabuni. Chenji aliiona ikipungua. Alipiga hesabu jioni moja, akaona kwamba nusu waliyookoa imeliwa, na kidogo cha juu yake. Akakaa na jambo hilo kama mtu aliyekalia chingamu mbele ya wageni. Kisha akaandika kwenye taarifa yake kwamba "akiba imeanza kuzunguka vizuri katika mfumo wa fedha", na Waziri akampigia simu kumpongeza kwa lugha.

Nyumbani, mkewe aliuliza swali moja tu.

"Na mimi?"

"Wewe umo kwenye awamu ya pili, Mama Watoto. Hii ya kwanza ni ya kazi. Tutakuwa na semina humo humo melini."

"Sawa," mkewe alisema, akakata uzi kwa meno.

Mume yeyote anaijua "sawa" ya aina ile. Chenji aliijua pia, ila alikuwa na hotuba ya kuandika.

Siku ya safari, viongozi arobaini walishuka bandarini wamevaa kofia mpya zilizoandikwa OKOA. Waandishi wa habari walikuwa wameitwa mapema, kamera zikiwa zinarusha moja kwa moja. Waziri alitoa hotuba fupi juu ya kujitoa mhanga, akamsukuma mkewe mbele kidogo ili naye apigwe picha, kisha msafara ukaingia ukumbi wa abiria.

Ukumbini kulikuwa na madirisha mawili. La kwanza lilikuwa la kampuni ya meli, na la pili, hatua chache mbele, la uhamiaji. Kwenye lile la kwanza, karani wa meli alitazama tiketi, akatazama kofia, akatazama tena tiketi.

"Nauli hii ni ya wakazi," alisema, akalitaja jina la kisiwa bila kigugumizi. "Nyinyi mnaishi kule?"

Waziri akageuka taratibu. "Chenji."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Sharti hilo lilikuwepo kwenye tovuti?"

"Lilikuwepo, Mheshimiwa. Kwa maandishi madogo. Kwa lugha ya kule."

"Na wewe ulilisoma?"

"Nililiona," Chenji alisema.

"Kama hamuishi kule," karani aliendelea, "mnalipa nauli kamili sasa hivi, pamoja na faini. Kwa fedha taslimu."

Kamera zilikuwa zimesogea. Fedha taslimu hazikuwepo, kwa kuwa zote zilikuwa zimeshaokolewa. Waziri alivuta pumzi, akanyoosha kofia yake, akasema kwa sauti aliyoizoea kwenye mikutano ya hadhara:

"Sisi ni wakazi wa kule."

"Wote?"

"Wote arobaini. Tunaishi kule na familia zetu."

"Kule wapi?"

Waziri akaanza jina la kisiwa, likamkaba katikati, akakohoa. Katibu Mkuu akamsaidia mwisho wake. Karani alikuwa na foleni ndefu nyuma yao, hivyo akagonga mihuri. Viongozi wakapumua, wakapeana mikono, wakajongea dirisha la pili.

Pale alikaa afisa wa uhamiaji, dada mmoja wa sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alikuwa amesikia, kama ukumbi mzima ulivyosikia. Akafungua pasipoti ya Waziri, mpya kabisa, iliyokuwa bado inanukia gundi.

"Mheshimiwa, mnaishi kule. Huku mliingia lini?"

"Hatukuingia. Sisi tupo."

"Pasipoti haina muhuri wa kuingia. Mtu asiyeishi hapa, ambaye hajaingia hapa, yupo hapa kwa njia gani?"

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Ndicho ninachojaribu kujua, Mheshimiwa."

Waziri akarudi kwa karani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba, kusema kweli, wanaishi hapa. Karani akavuta kikokotoo. "Basi nauli kamili na faini." Waziri akasema basi wanaishi kule. Afisa wa uhamiaji akainua kichwa. "Basi niambieni mlipitia mpaka gani." Msafara wa arobaini ukawa unakwenda dirisha hili unarudi lile, kofia zinagongana, na waandishi wanageuza kamera kama watu wanaotazama mpira wa meza.

Wakati huo foleni ya abiria wa kawaida ilikuwa inasogea kimya kimya upande wa kushoto. Chenji aliona kwanza gauni la bluu, lenye mshono ambao angeutambua hata gizani. Kisha akamwona aliyelivaa.

"Unaishi wapi, mama?" afisa alimuuliza.

"Hapa hapa. Nyuma ya soko."

Muhuri ukagongwa. Mkewe Chenji akachukua pasipoti yake, akageuka.

"Baba Watoto. Tiketi yako ninayo. Nimelipa kwa hela ya hapa hapa, ya sketi za shule."

"Bei gani?" Swali lilimtoka lenyewe kabla hajaweza kulizuia.

"Bei yote."

Chenji aliumia kama mtu aliyeng'olewa jino bila ganzi. Bei yote! Bila hata kuomba punguzo! Kisha akamtazama vizuri. Alikuwa amesuka nywele. Alikuwa amebeba mabegi mawili, na la pili lilikuwa lake yeye, lile lenye zipu mbovu.

"Utapanda," mkewe aliuliza, "au utabaki na wenzako wa kisiwani?"

Afisa akanyoosha mkono kupokea pasipoti. "Na wewe, baba, unaishi wapi?"

Nyuma ya Chenji, Waziri alisafisha koo, namna ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufikiri kuhusu kiinua mgongo chake. Chenji alifikiri. Alifikiria feni yake ya ofisini, kiti chake cha magurudumu, mlango wenye jina. Aliona aibu kwamba hata sasa, mbele ya mke wa miaka yote hii, alikuwa anapiga hesabu.

"Naishi naye," alisema, akimwonyesha mkewe.

"Wapi?"

"Hapa. Nyuma ya soko. Bafuni kuna bomba linavuja, bado natafuta fundi wa bei nzuri."

"Hilo ni kweli," mkewe alithibitisha. "Linavuja miaka."

"Umefukuzwa kazi!" Waziri alinguruma. "Kuanzia dakika hii!"

Afisa wa uhamiaji aligonga muhuri kwenye pasipoti ya Chenji, akaufunika wino wake, ndipo akajibu, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni mahali kilipo choo.

"Samahani, Mheshimiwa. Kwa maelezo yako mwenyewe, wewe bado hujaingia nchini. Mtu ambaye hajaingia nchini hawezi kumfukuza kazi mtu aliyeko nchini. Tafadhali kaeni pale kwenye viti vya plastiki. Wageni wasio na kibali hawaruhusiwi kusimama."

Kicheko kilianzia kwa wapagazi kikaenea ukumbi mzima. Chenji alitaka kucheka, akaona ni mapema, akabeba mabegi yote mawili na kumfuata mkewe ngazini. Zipu mbovu ikafunguka nusu ya njia, soksi zake zikaanguka moja moja, na yeye akawa anarudi kuziokota zote, hata ile iliyotoboka, abiria wa nyuma wakimngoja.

Melini, runinga ya ukumbi wa chakula ilikuwa bado inarusha kutoka bandarini. Waziri alikuwa ameitisha kikao cha dharura pale pale kwenye viti vya plastiki, ajenda ikiwa moja: viongozi wanaishi wapi. Katibu Mkuu akatoa hoja kwamba wanaishi hapa. Mke wa Waziri akasema yeye binafsi hajui mume wake anaishi wapi, na angependa jambo hilo liandikwe. Hatimaye wakakubaliana kupiga kura, mikono arobaini kasoro mmoja ikainuliwa juu, na Mkurugenzi wa Mipango akasimama kuhesabu. Afisa wa uhamiaji, aliyekuwa anapita na chupa ya maji, akawakumbusha kwa heshima zote kwamba wageni hawapigi kura.

Mikono ikashuka mmoja mmoja, wa Waziri ukiwa wa mwisho.