Kilo Kumi na Nane za Gundu

Jumatano, 22 Kartik

Hili sijamwambia mtu: ninayemnenepesha mbwa wetu Gundu ni mimi. Kila nikimaliza sura ya kitabu, biskuti moja yangu, mbili za mbwa. Mwezi huu nimesoma riwaya nne. Nene zote.

Leo daktari wa mifugo alimpandisha kwenye mizani. Kilo kumi na nane na gramu mia nne. Goti lake la nyuma limechanika, na bingwa wa mifupa anakuja hapa Patan Jumanne ijayo tu. Harudi mpaka baada ya miezi minne. Gundu akizidi kilo kumi na nane hapasuliwi. Moyo wake hautahimili dawa ya usingizi. Atapimwa tena Jumatatu.

Daktari alitufundisha: pitisha vidole mbavuni. Ukihisi kama mgongo wa kiganja chako, ni sawa. Ukihisi kama nyama ya chini ya kidole gumba, amezidi. Bibi akajibu kwamba mbwa wa kuhesabika mbavu ni aibu ya nyumba. Akaulizwa nani humpa vya ziada. Akasema pengine ni yeye, mkono wake mwepesi kugawa. Nikatazama viatu vyangu.

Alhamisi, 23 Kartik

Mbavu za Gundu sizioni kwa vidole. Nimebuni njia ya kisayansi: uzi kiunoni, fundo panapokutana. Biskuti nimezifungia kabatini. Nasoma kwa shida.

Ijumaa, 24 Kartik

Fundo limesogea upana wa kidole kizima. Nimechora grafu.

Jumamosi, 25 Kartik

Vidole viwili! Nilimwonyesha Kripa, jirani na mwanafunzi mwenzangu, ambaye mbwa wake amekonda kama ufagio. Akatazama ninavyopima. "Wewe, mbona unamkaba? Hata mimi ukinivuta hivyo nitakuwa na kiuno." Kisha akauliza kama huyo ni mbwa au gunia la mchele.

Nikapima tena, uzi ukiwa umelegea. Fundo limerudi palepale pa Alhamisi. Siku mbili nzima nilikuwa navuta tu. Nimechana grafu. Kesho ni siku ya mbwa katika sikukuu ya Tihar, na mtaa mzima utapita na sahani za kuwalisha.

Jumapili, 26 Kartik

Alfajiri nilimficha darini. Nikaandika kwenye kadi, "Gundu amefunga," nikaitundika mlangoni.

Bibi alishangaa. Leo hata mbwa wa jalalani wanavishwa maua na kupakwa rangi nyekundu kipajini, wa kwetu afunge kwa kosa gani? Akasema hakuna atakayekula nyumba hii kabla ya Gundu. Baba aliyekuwa na njaa akapanda darini mwenyewe kumshusha.

Nilikuwa na mpango wa pili: sahani ya boga la kuchemsha, limepambwa vizuri. Gundu akala boga. Kisha mayai mawili ya Bibi, maandazi ya mviringo, nyama ya mama yake Kripa, na nusu ya shada lake la maua. Nilisimama kando kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Jumatatu, 27 Kartik

Kumi na nane na gramu mia saba.

Daktari alifunga faili. Miezi minne, akasema, na goti halitamngoja bingwa. Kwa upole akamwambia Bibi kwamba upendo wa namna hii unaumiza. Bibi hakujitetea. Nyumbani akaniambia hatamlisha Gundu tena kwa mkono wake, maana mkono huo ndio umemlemaza. Akaukalia.

Sikuweza kumwambia uso kwa uso. Nikaandika barua ya kurasa mbili, kila kitu, idadi ya biskuti kwa sura, nikaiweka juu ya mto wake. Nilisahau jambo moja: Bibi hajui kusoma. Hata bili ya umeme ni mimi humsomea.

Alikuja nayo chumbani kwangu. "Nisomee, mjukuu wangu. Imetoka kwa nani hii?"

Nikaikunjua. Nikasoma kwamba daktari anamsalimu sana. Kwamba amefikiri tena, na kosa si la mtu yeyote. Bibi akauliza mbona ni ndefu hivyo. Nikasema daktari ana maneno mengi.

Akafuta macho. Akasema yule kijana ana adabu kumbe. Akamwita Gundu, akaenda jikoni kuchukua yai lililobaki jana, na kuniomba nimshikie bakuli.

Nikamshikia.