Taa Nne za Kijani

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Wifi, weka daftari chini! Najua unasoma. Ukurasa wa jana una alama ya kidole chenye mafuta, na mimi vidole vyangu nanawa. Mtu mzima wa miaka sitini na nane, dada yake marehemu mume wangu, unapekua maandishi ya watu kama panya kabatini. Haya, kama umeng'ang'ania, soma ujifunze.

Tumefika kambi ya mapumziko. Karavani ya marehemu, nyumba yetu ya magurudumu, imesimama vizuri chini ya kilima, mbali na vyoo. Nguzo za umeme ziko kule vyooni, kila mtu anachomeka waya wake na kuringa. Nimekataa. Nimezaa, nimezika, nimepika kwa kuni miaka thelathini. Leo ninuse choo siku tano kwa sababu ya balbu?

Mwanangu ndiye aliyetuvuta na gari lake. Njia nzima mdomo haufungi. Eti mama umezeeka. Eti karavani inaozea uani. Eti daktari wa meno ameipenda, anasubiri simu tu aje kuichukua. Nikamwambia daktari wa meno ang'oe meno, nyumba yangu asiiguse. Tukabishana mpaka tukawekeana sharti: Jumapili anarudi, anabonyeza swichi ya taa ya mezani. Ikiwaka, karavani ni yangu mpaka nife. Isipowaka, ni ya daktari wa meno.

Kabla ya kuondoka akanionyesha kisanduku cha ukutani chenye taa nne za kijani. Zikiwa nne, betri imeshiba. Ikibaki moja, ina njaa. Ikija nyekundu, kwisha. Na juu ya paa kuna sola, kile kioo cheusi, ndicho kinacholisha betri kutoka kwa jua. Akauliza kama nimeelewa. Nimeelewa kuliko yeye!

Vumbi la gari lake halijatua, mimi niko juu ya ngazi. Magoti yalilia kama bawaba. Nikakuta sola iko uchi! Vumbi juu yake, ndege juu yake, na usiku umande. Mtoto huyu kalelewa na nani? Kwangu redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata birika lina kofia. Nikaifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, kile kizito cha maua, nikakikunja mara mbili na kufunga kamba pembe zote. Jua ni joto, na joto hutunzwa kwa kufunikwa. Kuku haatamii mayai kwa kuyatazama.

Wifi chini ameshika ngazi, ananung'unika kwamba sola inataka kuliona jua. Wivu. Hajui kufuma hata soksi ya paka.

Taa: nne. Nitamwaibisha mwanangu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Taa: tatu. Nani kala moja?

Nimetoa amri. Pampu ya maji marufuku, tutachota kwa ndoo. Redio marufuku. Balbu ya upande wa wifi nimeifungua, nimeitia kwenye soksi. Chaja ya simu yake nimeifukia kwenye kopo la unga. Haba na haba hujaza kibaba.

Akauliza, na friji? Nikamcheka. Friji haili umeme mlango ukifungwa, kwani taa yake ya ndani inazimika. Nimechungulia mwenyewe kupitia ufa. Giza. Akasema mbona inanguruma basi. Nikamwambia hata yeye ananguruma akilala na hakuna taa anayowasha.

Jirani amejitokeza. Mzee mmoja wa kofia ya bluu, fundi umeme mstaafu, karavani yake ina sola mbili, zote uchi, maskini. Nimempa jina Mzee Kofia. Akaja kwa heshima, mama hamjambo, nyumba nzuri hii, kama kuna tatizo la umeme msione haya. Nikamjibu tatizo analo yeye, vioo vyake vitapauka. Akatazama paa letu muda mrefu. Akafungua mdomo. Nikafunga mlango.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Taa: mbili! Kuna mwizi, na humu ndani tuko wawili.

Asubuhi nilinyunyiza unga sakafuni mbele ya tundu la kuchomekea, kisha nikatoka kuchota maji. Kurudi, alama ya ndara. Nikaipima. Ndara yangu, ile ya kushoto iliyokatika kisigino. Mwanamke huyu ni hatari! Amevaa ndara zangu ili anisingizie.

Nikamkabili. Akaapa hajagusa, akasema mimi mwenyewe nilirudi kuchukua kata. Kweli nilirudi kuchukua kata. Lakini hilo halihusiani.

Akabeba simu yake akaenda kwa Mzee Kofia. Huko kuna kahawa, kuna redio, kuna kicheko. Nilikisikia mpaka huku. Akarudi na habari: fundi amesema kile kitambaa kitolewe, kinaua betri. Nikamuuliza fundi amefuma vitambaa vingapi maishani mwake. Akageuka kuosha vikombe. Ndivyo wanavyokimbia wote ukiwapa hoja.

Nimeongeza kamba mbili.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Asubuhi moja. Mchana nyekundu. Saa kumi hakuna kitu, kisanduku kimekufa macho wazi. Friji nayo imeacha kunguruma. Imeogopa.

Nilikaa kitandani nikaangalia kabati alizopiga randa marehemu kwa mkono wake. Kila kabati ina alama ya penseli kwa ndani, namba zake, tano yake imelala kama mlevi. Daktari wa meno atatia nini humo? Meno? Sikulia. Jicho lilikuwa na unga.

Kisha nikainuka. Sijashindwa na mwanaume, nitashindwa na sanduku? Mwanangu alisema taa iwake. Hakusema iwake kwa betri ya nani! Mzee Kofia ana betri ya akiba na waya mrefu. Waya upite chini ya karavani, nyuma ya ndoo, uingie penye betri yetu. Nani ataona?

Ila mimi siwezi kumwomba, nilimfungia mlango. Aende wifi. Nikamwambia kwa upole. Akakaa, akakunja mikono, akasema ataenda nikiandika humu kwamba hakuiba umeme. Tena aone kwa macho yake.

Wifi hakuiba umeme.

(Nimeandika kwa kalamu tu. Moyoni sijaandika.)

Amekwenda. Mzee amekubali, ila kesho saa sita mchana anaondoka na waya wake. Mwanangu anakuja saa nne. Nafasi tele!

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Saa nne, hayupo. Saa tano, hayupo. Mtoto huyu hata kuzaliwa alichelewa. Amefika saa sita kasoro dakika tano, na nilishazunguka karavani mara ishirini.

Akaingia, akabonyeza swichi. Taa ikawaka! Kama jua dogo mezani. Nikasimama mikono kiunoni, nikamwambia amsalimie daktari wa meno. Mwanangu akatikisa kichwa, akasema mama, leo umenifunga mdomo. Nilitamani marehemu awepo asikie.

Hapo mlango ukagongwa. Mzee Kofia, kofia mkononi. Samahani mama, naomba waya wangu, naondoka.

Nikasema waya gani? Akasema ule uliopita nyuma ya ndoo. Nikasema ndoo gani? Akainama kwa adabu zote, akachomoa. Taa ikazimika.

Mwanangu akatoa simu mfukoni. Nilijua anampigia nani.

Wifi ndiye aliyeingilia kati. Akamshika mwanangu mkono, akamwambia, kabla hujapiga, sikiliza shangazi yako, panda paani.

Akapanda. Akashuka na kitambaa changu, kina vinyesi vya ndege tele, ambavyo vingekuwa kwenye sola! Wote tukasimama mbele ya kisanduku. Ukapita muda wa kunywa kikombe cha chai. Taa moja ya kijani ikafumbuka.

Nikapiga kelele: mnaona! Siku tano za kuatamia, leo yai limeangua!

Mwanangu akakaa kizingitini, akacheka mpaka akafuta machozi, kicheko cha baba yake kabisa. Akarudisha simu mfukoni. Akasema betri ni nzima, na anatupa wiki nyingine, tena bila waya wa mtu. Masharti mawili: sola ibaki wazi, friji izimwe. Nikaapa. Wifi naye akanishuhudia, mkono begani kwangu. Sikuuondoa mara moja.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Saa tisa alasiri. Taa: nne! Zimejaa kwa siku moja, nami sishangai, lile joto nililoliweka siku tano lilikuwa bado mule ndani. Mwanangu anadhani ni jua. Mwache.

Ila upepo umegeuka, leo kuna baridi, na sola iko uchi tena. Niliapa itabaki wazi. Kitambaa cha kufuma kina matundu. Kila tundu ni wazi.

Wifi, najua umefika mstari huu. Futa mafuta vidoleni, kaanue kitambaa kambani, lete na ule uzi mnene wa kijivu wa kufungia pembe, kisha njoo unishikie ngazi.