Nyota Tatu kwa Daktari Ambaye ni Binti Yangu

Kwa Daktari Mhusika,
Kliniki ya Meno,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

YAH: KUSHURUTISHWA KUTOA ALAMA KAMILI

Daktari,

Kichwa cha habari hapo juu kimejieleza. Ninakuandikia kama mgonjwa wako wa gego la chini kulia, wala si kama baba yako mzazi, kwa kuwa huyo umeacha kumpigia simu tangu Jumapili tatu zilizopita. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na kusahihisha mitihani miaka kumi na tisa, hivyo utaniwia radhi nikipanga malalamiko kwa namba.

1. Siku uliyoniziba jino, ganzi haijaisha na pamba ikiwa bado mdomoni, dada wa mapokezi alinishikisha kadi yenye kile kijimraba cha madoadoa cha kupiga picha kwa simu, akaniomba niache maoni mazuri mtandaoni. Mtu asiyeweza kutema mate sawasawa haombwi maoni. Nilitaka kumwambia hivyo, nikatoa udenda, naye akanishukuru kwa ushirikiano.

2. Ukutani mna bango: "Umependa huduma yetu? Tupe nyota tano!" Yaani swali limeulizwa na jibu limeandikwa papo hapo. Nimewahi kumtoa mtu kwenye chumba cha mtihani kwa kosa dogo kuliko hilo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kliniki yako, mwanangu (samahani, Daktari), inajitembeza mpaka chooni, maana bango la pili liko juu ya sinki.

3. Hata hivyo nilitii. Nilivaa miwani, nikakaa mezani, nikatoa nyota tatu. Chini nikaandika: "Kazi safi. Mkono mwepesi. Akiongeza bidii atafika mbali." Tatu juu ya tano ni asilimia sitini, na kwangu mimi mwenye sitini alikuwa anatajwa mbele ya shule nzima. Wewe mwenyewe darasa la sita nilikupa hamsini na nane. Ukalia, ukawa daktari.

4. Kesho yake mapokezi walinipigia simu mara nne wakiniomba nifute. Nikaambiwa kliniki ina miezi minane tu, ilikuwa na tano kamili, na kwa ajili yangu imeshuka hadi nne nukta sita, kwa hiyo wagonjwa wanaochagua daktari kwenye simu wanakwenda kwa yule wa mtaa wa pili. Nilijibu kwamba rufaa za matokeo huletwa kwa maandishi. Hazijaletwa mpaka leo.

5. Nimewasoma hao wanne waliokupa tano. Wa kwanza kaandika "Safi." Wa pili kaweka vikatuni sita vya mikono inayopiga makofi, bila kitenzi hata kimoja. Wa tatu ni shangazi yako, ambaye hana jino la kwake hata moja. Wa nne ni mama yako, ambaye hajawahi kupanda ngazi zako kwa kuogopa mlio wa mashine.

6. Huyo mama yako sasa ananitengea chakula, kisha anakwenda kula jikoni. "Mtoto kafungua kliniki kwa jasho lake, wewe unamtia doa!" Nilimkumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akanijibu kwamba mgema asiyesifiwa kwao huhama. Hilo bado sijalipatia alama.

Kwa hiyo naomba: bango liondolewe. Maoni yaandikwe ganzi ikishaisha, kila mgonjwa na meza yake, bila kuangaliziana, chini ya msimamizi. Ndugu wa damu wasiruhusiwe tena, mimi nikiwa wa mwisho kuruhusiwa. Karatasi zote ziletwe kwangu nizisahihishe kwa kalamu nyekundu kabla ya kupandishwa mtandaoni. Na nyota ya tano asipewe binadamu yeyote. Hiyo ni ya Mwenyezi Mungu, na Yeye hana kliniki.

Nisalimie dada wa mapokezi, mpiga picha za meno, mkwe wangu na wajukuu wote bila kubagua. Shangazi yako anakusalimu sana. Jumapili tunakula saa saba, na kiti chako hakijakaliwa na mtu.

Wako katika kutetea haki ya alama,

Mgonjwa wa gego la chini kulia
(Baba)

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa natafuta stempu, nikaona karanga, nikazitafuna upande wa kulia bila kufikiri. Upande huo sijautumia huu mwaka wa nne, na nilikuwa simwambii mtu. Nimemaliza bakuli zima peke yangu mezani, machozi yananitoka, wala hakuna kilichouma. Sasa hivi niko kwa fundi simu hapa kona. Zile tatu kanifutia, kaweka tano. Nimemwambia aweke na ya sita. Anasema zinaishia tano. Nimemwambia atafute vizuri, na bado anatafuta.