Basi la Mabingwa

Jumatano, 3 Aprili

Nimefika ughaibuni! Ndege imeniona, nami nimeiona, tukaheshimiana. Nimepokewa na Pasi, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunanyoosha nguo pamoja kwa dobi mmoja, miaka arobaini iliyopita. Kazeeka huyo! Mimi bado. Anakaa ghorofa ya tano na mkewe, shemeji yangu, anayesafisha kliniki ya meno. Huyo shemeji ndiye aliyeniandikisha kwenye marathoni ya Jumapili. Miaka yote nawaambia kwenye simu nilivyokuwa nakimbia ujanani, hata swala walikuwa wananipisha. Kumbe kuna mtu anatilia maanani!

Ila nimekuja na jambo langu. Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao. Nani atasimama kuzungumza kwa niaba ya familia? Mke wangu anamtaka kaka yake, Mwalimu mstaafu. Eti mimi nikishika kipaza sauti nadanganya mpaka viti vinaona haya. Nikamwambia nitaleta medali, aone kama mimi ni mwongo. Akasema haya, lete medali, utazungumza wewe. Mwalimu akacheka mpaka miwani ikadondoka. Atajua hajui.

Alhamisi, 4 Aprili

Mazoezi. Nimepanda ghorofa tano mara sita, jasho hata tone. Pasi akauliza mbona alikuwa anasikia lifti. Wivu tu huo.

Shemeji anatoka alfajiri amevaa raba, eti anafuata mkate, anarudi kaloa jasho chapachapa. Mkate gani huo wa kukimbiliwa hivyo? Na umri wake! Nikamshauri apunguze haraka, atajiumiza bure. Akasema asante shemeji.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumekwenda kuchukua namba. Nimepewa karatasi ya kubandika kifuani, pini nne na vipakiti vitatu vyenye kitu cha kunata. Dawa ya kuchua, nikajua mara moja, mimi si mtoto. Nikajipaka magoti yote mawili. Suruali ikaganda. Shemeji akasema kile kinaliwa, cha kutia nguvu njiani. Nikauliza mbona hawakusema. Akasema wameandika. Basi ndiyo hivyo, hawakusema!

Halafu hili la kilomita. Pasi ananiambia ni arobaini na mbili. Nikasema sawa, si tuko watu elfu nne? Tukigawana, kila mtu anapata hatua kumi na kitu. Mimi nachukua hata ishirini, nimsaidie na jirani. Pasi akakaa kwenye ngazi, kashika mbavu. Eti kila mtu anakimbia zote! Zote! Peke yake! Sasa watu elfu nne wanarudia kazi ile ile ya nini?

Jumamosi, 6 Aprili

Akili ni nywele, na mimi nina ndevu za ziada. Nimeikagua njia. Inaanzia mtaa wa chini, inakwenda huko mbali, inazunguka, inarudi mtaa ule ule. Na pale mtaani kuna kinyozi, mlango wake unatazama barabara. Naanza na wenzangu, naingia kwa kinyozi, natulia. Wakirudi naungana nao. Sijaiba kitu. Nimepunguza katikati tu.

Nikamdokeza Pasi. Akasema mzee wewe utatuaibisha. Nikamwambia hajui michezo.

Jumapili, 7 Aprili

Siku yenyewe. Nilijipanga mstari wa mbele kabisa. Mlio! Niliongoza kwa hatua saba, naapa. Ya nane wakanipita wote, pamoja na jitu moja lililovaa kama ndizi. Sikubabaika. Nikakata kushoto, kwa kinyozi.

Kinyozi hataki mtu akae bure. Haya, nyoa. Kiti laini, kitambaa cha moto usoni, nikasema nafumba jicho moja. Kufumbua, kinyozi yuko mlangoni na wembe mkononi anamalizia kushangilia watu, na kwenye kioo kuna mzee mwenye ndevu upande mmoja. Nikamuuliza wamefika wapi. Hajui lugha yangu. Nikatoka mbio! Barabara nyeupe. Watu wanafagia vikombe. Nikachanganyikiwa: hawa wamepita, au hawajafika?

Mara nyuma yangu basi. Taratibu, kama linasindikiza rais. Akashuka mama wa kizibao cha njano, akanishika mkono kwa heshima zote. Ndani walikuwa watu watano, vichwa chini, kimya. Mabingwa, nikajua, wananyenyekea. Nikavikwa joho la kung'aa kama fedha. Mimi? Nikasimama dirishani nikapunga mkono. Watu wakapiga makofi! Pasi nilimwona kando ya barabara na simu yake, ananipiga picha huku machozi yanamtoka. Nikasema rafiki wa kweli huyu.

Mwisho wa safari mama akanibandua namba kifuani. Nikadhani wanakwenda kuitunza. Nikasubiri kuitwa. Nikasubiri. Viti vikaanza kukunjwa.

Akaja shemeji. Anachechemea, anacheka, medali shingoni. Shemeji! Msafisha kliniki! Kakimbia zote! Sasa ule mkate? Ndiye aliyenieleza kwamba lile basi linaokota waliobaki nyuma, na joho ni la kuzuia baridi. Nilikaa kwanza. Kisha nikamwomba aniazime medali, picha moja tu. Akasema shemeji, medali si chumvi ya kuazimana.

Jumatatu, 8 Aprili

Mke wangu kapiga simu. Pasi katuma picha! Mimi dirishani, nusu ndevu, nang'aa. Mwalimu kaionyesha mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Mke wangu akasema mambo yamekwisha baba, Mwalimu atazungumza.

Halafu mjukuu akamnyang'anya bibi yake simu. Alikuwa anacheka mpaka anakwama. Akasema babu, hotuba ya Mwalimu ameshaisikia mara tatu, ina kurasa kumi na mbili, na bwana harusi alisinzia ukurasa wa pili. Anataka nisimame mimi niwasimulie la basi. Ila sharti moja: kama lilivyotokea, nisiongeze hata nukta. Nikiongeza, kipaza sauti anapewa Mwalimu.

Nikaapa. Niliapa kwa ndevu zangu zilizobaki.

Nimeanza kujipima mbele ya Pasi na shemeji. Basi lilikuwa refu, la watu mia mbili. Mlimani dereva alichoka, nikashika usukani. Pasi kainamisha kichwa. Shemeji kauliza mlima upi.

Mwishoni nitasema nilimaliza wa pili. Kusema wa kwanza ungekuwa uongo, na mimi nimeapa.