Malalamiko Kuhusu Hotuba Iliyofika Mwisho

Kwa Mkuu wa Chuo cha Kompyuta

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya soko, mhutubiaji wa siku nyingi, na mjomba wa mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, yule binti mrefu asiyechoka kuuliza maswali. Ninaandika kwa uchungu, ila kwa adabu, ujue chuo chako kinamfundisha nini.

Wiki iliyopita tulizindua vyoo vipya vya soko. Nilimpa mpwa wangu flashi yenye faili la hotuba yangu anichapie kwa herufi kubwa, maana macho yangu siku hizi yamenigomea. Badala ya kuchapa na kunyamaza, akalipitisha kwenye programu ya kompyuta aliyoiandika mwenyewe kwa lugha iitwayo Python, ya kwanza maishani mwake. Programu hiyo husoma faili mstari kwa mstari, hufyeka nafasi zote zilizozidi, hutupa mistari mitupu, kisha huyapanga maneno yaliyobaki yakae sawasawa ukurasani. Nilimpa kurasa kumi na moja, akaniletea mbili huku anatabasamu. Nikadhani ni maendeleo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ile mistari mitupu haikuwa mitupu. Nimehutubia tangu mpwa wangu hajazaliwa, na utaratibu wangu unajulikana: mstari mmoja mtupu ni kuvuta pumzi, mitatu ni kunywa maji, nusu ukurasa ni makofi. Makofi yakichelewa, nasubiri. Programu imefuta makofi yangu yote bila hata kuniuliza.

2. Kwa kukosa mahali pa kusimama, nilisoma mfululizo kama mtu anayefukuzwa. Nilimaliza kabla mpiga picha hajapata betri, na mgeni rasmi akiwa bado anatafuta kiti chake. Wananchi waliobanwa na haja, ambao kwa kawaida hunivumilia kwa nidhamu kubwa, waliingia vyooni wakiwa na nguvu zao. Walipiga makofi, sikatai, lakini waliyapiga mwishoni, mahali ambapo sikuwa nimeyapangia.

3. Mshereheshaji amedhalilishwa. Kazi yake miaka yote ni kuninyang'anya kipaza sauti nikiwa ukurasa wa saba. Safari hii alikuwa bado nyuma ya jukwaa anakunywa soda.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Kwa kuwa hakuna aliyenizuia, nilifika aya ya mwisho. Sijawahi kufika huko. Aya hiyo naiandika katika kila hotuba, kwa sababu hotuba yenye heshima humalizika kwa shukrani, kisha inarudi nyumbani mfukoni, salama salimini. Sasa nikajikuta naisoma mbele ya soko zima: kwamba namshukuru mke wangu, ambaye mwaka ule nilipoachishwa kazi alishona nguo za watu mpaka vidole vikavimba, na majirani akawaambia niko likizo. Sauti ilinikatika, na hapakuwa na mstari mtupu wa kukatikia. Mke wangu, fundi cherehani wa kibanda cha pembeni, aliweka mkasi chini akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja. Ndugu Mkuu, tumeishi kwa amani miaka yote hii bila kuambiana mambo ya namna hiyo. Tangu siku ile ananitazama mezani mpaka chai inapoa. Siwezi kuishi hivi.

Kwa hiyo naomba mwanafunzi huyo azuiwe kugusa faili la mtu mzima yeyote. Tena aamriwe kuandika programu nyingine ya kurudisha kila nafasi mahali pake, makofi yakiwemo.

Nisalimie walimu wote, na mlinzi wa getini aliyekataa kunifungulia juzi. Mpwa wangu naye msalimie, ila usimwambie ni mimi.

Wako katika kudai haki,
Mwenyekiti wa Kamati ya Soko

Tanbihi: Mke wangu ameuliza kama hotuba za miaka ya nyuma nazo zilikuwa na mwisho. Nimemjibu kwamba zote zilikuwa nao. Naambatanisha flashi yenye hotuba hizo; tafadhali mpe mpwa wangu azipitishe kwenye programu ile ile, asibadilishe kitu. Nitazisoma nyumbani, bila kipaza sauti.